Boti Iliyovishwa Mvule

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote za karakana si ya msumeno wala ya nyundo. Ni ya ubao wa mvule ukitikiswa. Mzee Zuberi alichukua ubao uliochanwa mwembamba kama ganda la kitunguu, akaushika pembeni kwa vidole viwili, akauacha uning'inie, kisha akautikisa kidogo. Ukanguruma kama ngurumo iliyo mbali upande wa Nyamira, wakati wewe uko mjini na jua bado linawaka. Akachukua mwingine, akautikisa. Huo haukunguruma. Ulinung'unika tu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Mzee."

"Wa kwanza umekauka. Wa pili bado una maji. Ukiubandika huo wa pili, utakuja kujikunja kama sikio la mbuzi na mwenye kabati atakuja hapa akiuliza jina lako. Haya, weka kikapu chini uanze kazi."

Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Sasa nyinyi vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie niliyoyaona, kwa kuwa nimestaafu. Najua mnacheka. Mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe, na bado anaruka kamba na watoto wa dada yake? Lakini aliyestaafu ni kifua changu, mimi nimekifuata tu. Basi nitaandika kama ninavyozungumza. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wangu alisema nina ndoto nyingi kuliko nukta.

Kikapu nilichoambiwa nikiweke chini kilikuwa cha ndizi. Mama alinituma kuuza soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, na karakana ya Bwana Ombati ilikuwa njiani. Kila siku ya soko nilisimama mlangoni nikimtazama yule mzee wa kofia nyeupe ya kushona akivisha redio kubwa za kabati. Redio inaingia ikiwa sanduku la mbao ya hovyo, inatoka ikiwa na sura ya bwana harusi. Mbao hiyo nyembamba ya kuvishia tuliiita vinia, na mpaka leo sijui jina lingine.

"Binti, unauza au unanunua?" Mzee Zuberi aliniuliza mara ya kwanza.

"Ninatazama."

"Kutazama hakuna shida. Ila unanizibia mwanga."

Nikasogea kando, nikaendelea kutazama. Mwishowe akamwambia Bwana Ombati kwamba anahitaji vidole vidogo vya kuziba nyufa, na kwamba vijana wote wanataka mashine zinazopiga kelele, hakuna anayetaka meza ya vinia. Bwana Ombati, tajiri wetu, alinitazama kama mtu anayetazama kuku ambaye hakuagiza. Akasema, "Ajaribu." Mama naye aliuliza swali moja tu, kama kuna choo cha wanawake. Hakikuwepo. Kikajengwa.

Mzee Zuberi alizaliwa Kisii mjini, katika familia ya Kiislamu iliyofika hapa zamani na kufanya biashara, hata yeye hakujua walitokea wapi hasa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka; chetu sisi wa vilimani kilikuwa na makona. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikatwa ncha na msumeno alipokuwa kijana. Alisema kile kipande kilichobaki ndicho chenye akili, kwa sababu kinajua kilichompata mwenzake.

Alinifundisha gundi ya kuchemsha, ile ya ngozi inayonuka kama mbuzi aliyelowa. Ikiwa nzito mno haiingii kwenye mbao. Ikiwa nyepesi mno mbao inainywa yote na hakuna kinachobaki cha kushika. Ichote kwa kijiti, iache idondoke. Ikidondoka kama asali ya baridi, ongeza maji. Ikidondoka kama chai, chemsha tena. Alinifundisha kupitisha pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu, polepole, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa ipate njia ya kutoka. Hewa ikikwama chini, utaisikia ukigonga kwa ukucha: mahali paliposhika panajibu kwa ufupi, mahali palipo tupu panajibu kama mtu aliye chumba cha pili.

Na alinifundisha kitu kimoja alichokiita kuusalimia ubao. Kabla ya kupaka gundi, alipitisha kiganja juu ya mbao yote, taratibu, akitafuta punje ya mchanga au kinundu kwa ngozi ya mkono. Macho, alisema, yanakubali haraka. Mkono haukubali.

Sasa ili mikono isinate, na ili zile mbao za kukandamizia zisigandane na kazi, alijipaka unga wa mawe ya kule Tabaka. Mnalijua lile jiwe laini. Wachongaji wakilainisha bakuli na vinyago vyao hubaki vumbi jeupe, laini kuliko unga wa ngano, linaloteleza vidoleni kama sabuni. Walimletea kwenye mikebe ya siagi. Karakana nzima tulitumia unga huo. Ilikuwa alama yetu. Mtu akitoka kwetu kwenda sokoni, watu waliona suruali nyeupe matakoni wakajua anafanya kazi wapi. Mimi peke yangu sikuupenda. Ulinikohoza. Kwa hiyo nilijipaka mafuta kidogo ya kupikia kwenye vidole, kisha nikayafuta, nikafanya kazi polepole. Nyamweya, aliyekuwa akiendesha msumeno mkubwa na ulimi mkubwa zaidi, aliniita fundi chapati.

Miaka ikapita hivyo, na ilikuwa miaka mizuri. Kisha ikafika fomaika, ile karatasi ngumu ya plastiki ya kubandika juu ya meza. Mnaicheka sasa kwa sababu imejaa kila hoteli, lakini ilipofika tuliiona kama muujiza: meza inamwagiwa chai ya moto na haishiki doa. Redio nazo zikaanza kuja za plastiki, unaibeba chini ya kwapa ukienda shamba. Hakuna mtu anayevisha mbao kitu cha kubebwa chini ya kwapa. Meza yetu ikaanza kulala. Siku nyingine Mzee Zuberi na mimi tulikuwa tunapanga na kupangua karatasi za mvule, kama watu wanaoanika nguo zilezile.

Hapo ndipo alipoingia Mama Akinyi.

Alikuwa mwanamke wa Kendu Bay, mjane mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, mrefu, sauti yake inafika kabla yake. Alikuwa ameona kabati la redio kwenye duka moja mjini.

"Nani alivalisha ile redio ngozi?"

"Ni sisi, mama," akasema Mzee Zuberi.

"Basi mimi niko na boti. Ni ya faiba, nyeupe pepepe kama karai. Wageni wakiiona wanauliza sabuni iko wapi. Mzee wangu, kabla hajafariki, alikuwa na boti ya mbao, hata samaki walikuwa wanaiheshimu. Mafundi wa ziwani nimewaambia waivalishe hii mbao, wamenicheka. Nyinyi pia mnataka kucheka?"

Hakuna aliyecheka. Faiba, kwa asiyeijua, ni plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Haiozi, haivuji, na haina hata tundu moja la kuingiza gundi. Hilo la mwisho hatukulijua bado.

Mama Akinyi alipoondoka, Bwana Ombati akaja mezani kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetembea karakanani akipima nafasi kwa macho.

"Mzee, sisi ni watu wa milima. Boti tumejulia wapi?"

"Ni kabati lenye tumbo," akasema Mzee Zuberi.

"Sawa. Nitawaambia ukweli wangu. Hii meza imelala. Nataka kuweka hapa mashine ya madawati ya shule. Fanyeni hiyo boti. Ikishika, meza itabaki. Ikirudi hapa imebanduka, meza itatoka, na sitaki tulaumiane."

Alisema meza, lakini meza ilikuwa sisi wawili. Mzee Zuberi hakujua mashine yoyote na alikuwa amevuka umri wa kujifunza. Mimi ningerudi Nyamira kuchuma chai ya watu. Kuchuma chai si aibu, mama aliifanya. Lakini nilikuwa nimeshaota boti hiyo. Usiku huohuo niliiona ikipita juu ya maji ikiwa rangi ya asali.

Ililetwa juu ya lori, imefunikwa turubai, na watoto wa Mosocho, pale njiani, waliifuata wakiimba. Wakati tunaishusha, mhubiri mmoja aliyekuwa akipita alisimama akauliza, "Jamani, mmeambiwa itanyesha kiasi hicho?" Tukaigeuza juu chini kwenye magogo uani, tumbo likitazama mbinguni.

Sikilizeni sasa, maana hii ni kazi mnayoweza kuletewa. Faiba ikitoka kiwandani ina nta juu yake. Ukibandika kitu juu ya nta, umebandika juu ya nta, basi. Tuliisugua kwa msasa mpaka ule mng'ao ukafa, ikawa kama yai. Vumbi lake linawasha kuliko upupu. Mkimaliza, ogeni maji baridi kwanza. Ya moto yanafungua ngozi, vumbi linaingia, mtajikuna hata kanisani. Kisha tukaisafisha kwa dawa kali inayonuka kama ya kutolea rangi ya kucha. Kisha tukamwaga maji: yakijikusanya kama umande juu ya jani la nduma, nta bado ipo, yakitandaa yote sawasawa, pako tayari.

Shida iliyofuata ilikuwa tumbo lenyewe. Ubao mwembamba unakubali kupinda upande mmoja tu. Boti inapinda huku na inapinda kule. Tulijaribu karatasi pana ya mvule, ikafanya mikunjo kama gauni lililoazimwa. Tukaketi. Nyamweya akaja na ndizi mbivu, akaimenya mbele yetu kwa dharau, akaacha maganda mezani. Mzee Zuberi akayatazama sana yale maganda. Akayapanga upya, moja kando ya jingine, yakawa ndizi tena.

"Tazama, Kerubo. Pana katikati, jembamba ncha zote mbili. Hivyo ndivyo tumbo linavyovalishwa."

"Nitataka shukrani," akasema Nyamweya.

"Utapewa maganda."

Tukakata mvule vipande virefu vya namna hiyo, kila kimoja kikirandwa ukingo mpaka kimkubali jirani yake. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi, na sijawahi kufurahi hivyo tena. Kisha gundi. Hii ya kuchemsha haipendi maji, kwa hiyo tulipata ile mpya ya makopo mawili. Ukichanganya la kwanza na la pili inaanza kupata joto yenyewe kama mtoto mwenye homa, na ukichelewa inakugandia mkononi. Mzee Zuberi akachukua upande wa kushoto wa boti, mimi nikapewa wa kulia. Yeye alifanya kama alivyofanya miaka yote: akajipaka unga, akausalimia ubao, ila sasa ubao wenyewe ulikuwa faiba, akapaka gundi, akalaza kipande, akakikandamiza kwa mbao nyembamba zilizonyunyiziwa unga, na vipande vya mpira wa tyubu vilivyovutwa kuzunguka boti nzima.

Mimi nilikuwa nakohoa sana siku hizo, unga sikuweza hata kuusogelea. Nikafikiria nyumbani. Mama akipika matoke hufunika sufuria kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, na haligandi. Nikaleta majani, nikayapitisha motoni yakalainika, nikayafuta, nikayalaza juu ya vipande vyangu kabla ya kuvuta mpira.

Nyamweya alizunguka boti akinusa. "Omoiseke," akaniita, yaani msichana, "itaiva saa ngapi? Nilete chumvi?"

"Lete sahani tu."

"Mzee, huyu anapika boti ya watu."

Mzee Zuberi alitabasamu. "Mwache. Jani ni jani, unga ni unga."

Tulipomaliza, tukatoa mipira na majani na mbao, tukasugua, na jamani, ilikuwa nzuri. Mistari ya mvule ilikimbia toka puani mpaka nyuma kama nywele zilizochanwa vizuri. Bwana Ombati aliizunguka akasema, "Buya mono," ambalo kwetu ni sifa kubwa na yeye huitoa kwa kijiko. Ikabaki kupaka vanishi tu. Tukaiacha uani ikauke.

Siku iliyofuata jua lilitoka kali. Karibu saa sita tukasikia tik, tik, kama mtu anavunja vijiti vidogo. Tukatoka nje. Upande wa kushoto vipande vilikuwa vinanyanyuka, kimoja baada ya kingine, vikijikunja taratibu kuelekea juu. Mzee Zuberi alikwenda akaweka mikono miwili juu yake, kama unavyomshika mtu anayetaka kuinuka kitandani akiwa mgonjwa, lakini alipobana hapa kilinyanyuka pale.

Bwana Ombati alifika. Alitazama upande uliobanduka, akatazama upande wangu ambao ulikuwa umetulia, halafu akanigeukia.

"Nilijua. Huu ndio upande wa msichana, sivyo? Yale mambo ya majani."

Nilifungua mdomo, lakini Mzee Zuberi alitangulia.

"Hapana, Bwana Ombati. Upande wa binti ndio ule ulioshika. Huu ni wangu."

"Wako?"

"Wangu wote."

Bwana Ombati alivua kofia, akaivaa tena. Akasema tutazungumza kesho, akaingia ndani. Wengine nao wakaingia. Mzee Zuberi akaenda kuswali adhuhuri, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea kama mzee.

Nikabaki na boti. Nilifikiri ni jua, au kopo la gundi lililoharibika. Nikashika kipande kimoja kilichonyanyuka, nikakivuta, kikatoka chote bila ubishi. Nikakigeuza. Gundi ilikuwa imeshika mvule vizuri sana, ngumu, ya rangi ya chai, inang'aa kama kioo. Na ndani ya ule mng'ao kulikuwa na alama nyeupe. Kiganja. Vidole vinne na gumba, na kidole cha shahada kilikuwa kifupi.

Nilivuta kingine. Kiganja tena. Kila mahali aliposalimia, unga ulibaki, na gundi iliushika unga badala ya boti. Kwenye mbao, gundi hupita ikaingia ndani, unga haujalishi. Faiba haina ndani.

Niliketi chini kwenye kivuli cha boti na kile kipande mapajani. Ningeweza kukivunja nikakitia kwenye jiko la gundi. Tungesema gundi ilikuwa mbaya, tungeomba kopo jingine, na tungerudia. Lakini tungerudia na unga uleule. Na yeye ndiye aliyenifundisha kushika wembe wa kukatia vinia. Nilijaribu maneno ya kumwambia, kila neno lilikuwa na miiba.

Aliporudi, nilimpa kipande tu, upande wa gundi ukiwa juu.

Alikitazama. Kisha akaweka mkono wake wa kulia juu ya ile alama, kidole kwa kidole. Ulitosha.

"Mkono wangu huu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu."

"Mwite Nyamweya. Waite wote. Nao wanajipaka unga."

"Mzee, si lazima..."

"Kerubo, mwanangu. Nikiondoka mimi hapa, wao watabaki wakifuata mkono wangu. Waite."

Wakaja. Aliwaonyesha mwenyewe, akaeleza vizuri kuliko nilivyoeleza hapa. Nyamweya alitaka kusema mzaha, nikaona unavyomjia na unavyomrudia, akaumeza. Mzee Zuberi ndiye aliyeutoa badala yake. "Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikipaka meza unga kama mwoka mikate, na hakuna aliyeniuliza mkate uko wapi." Hapo wakacheka, na yeye akacheka, na mimi nikaenda nyuma ya rundo la mbao kwa muda.

Bwana Ombati alikubali turudie. "Lakini sitaamini macho yangu tena," akasema. "Nitangoja mvua za masika zipite juu yake kule ziwani. Ikiwa haijarudi, meza yenu mnayo."

Tulirudia upande wa kushoto. Mzee Zuberi alinawa mikono mpaka viwiko, kwa utaratibu kama anayejiandaa kwa sala, akaifuta kwa kitambaa kipya. Hakuchukua brashi. Alisema nitangulie mimi, yeye atanipa vipande. Nilikataa, akanitazama, nikakubali. Alinipa kimoja kimoja kwa mpangilio, bila kukosea hata jirani mmoja, na kila kimoja alikishika kwa kingo tu. Nyamweya ndiye aliyepitisha majani motoni. Alifanya kwa kiburi, kama mpishi wa harusi.

Kisha vanishi, nyingi, tukisugua kila baada ya mkono mmoja wa kupaka. Mama Akinyi alipokuja kuichukua alizunguka boti bila kusema neno, na kwa Mama Akinyi hilo lilikuwa jambo. Aliweka shavu lake kwenye mvule. Lori likaondoka nayo.

Kikohozi changu hakikuondoka. Daktari alinisikiliza mgongo, akaniuliza ninafanya kazi gani, nilipotaja ile gundi ya makopo mawili na vumbi la faiba akaweka kalamu chini. Alisema mwili wangu umeshaamua. Nikiendelea, utaamua zaidi. Nikawaaga. Mlinipa redio ya plastiki, asanteni, ninaicheka kila asubuhi na inaimba vizuri. Sasa niko nyumbani, ninashona nguo za watoto, na ninaota kufungua mahali pangu pa kushonea penye dirisha kubwa, mtu akisimama mlangoni asinizibie mwanga.

Hili la mwisho hamlijui. Masika yalipokwisha, kabla Bwana Ombati hajapata nafasi ya kuuliza, nilikwenda Kendu Bay peke yangu. Sikumwambia hata Mzee Zuberi, ambaye najua alikuwa akiuliza kila dereva wa lori anayetoka huko kama ameiona boti moja ya rangi ya asali.

Niliikuta imepinduliwa kwenye magogo ufukweni, imesuguliwa, inakauka. Kijakazi wa Mama Akinyi aliniambia mwenye kuiendesha amekwenda kula. Nikaanza upande wa kushoto. Niligonga kwa ukucha toka nyuma mpaka puani, polepole, kila kipande, na kila kipande kilinijibu kwa ufupi. Jua la ziwani ni kali kuliko letu na mvua yao inapiga kwa ubavu, na bado. Nilisimama hapo nikicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikazunguka, nikagonga upande wa kulia. Wangu, ule ulioshika tangu mwanzo. Karibu na pua, chini kidogo ya ukingo, palijibu kama mtu aliye chumba cha pili. Nikainama. Ncha ya kipande ilikuwa imenyanyuka, pa kuingiza ukucha tu. Mvua moja nyingine na maji yangeingia, kisha kingefuata chote, na jirani yake.

Nilikuwa na vichupa viwili vya ile gundi ya makopo mawili mkobani, na kijiti cha kiberiti. Nilifunga leso puani na mdomoni. Nikayakumbuka yale mafuta yangu ya kupikia, nikafuta mikono yangu kwenye gauni, nikaifuta tena, nikachanganya tone kwa tone juu ya kigae, nikaisukuma gundi ndani kwa kijiti mpaka ikatokeza ukingoni. Nikaifuta iliyozidi. Hakukuwa na mpira wala mbao za kukandamizia, kwa hiyo nikaweka kidole gumba juu yake nikabana, nikaketi hivyo kwenye changarawe, jua mgongoni, mpaka kile kipande kikaacha kunisukuma.